Mfanyakazi wa mjini asidharau maharagwe, hata ya mkebe

Ukitaka kujua jinsi afya ya wafanyakazi wa Nairobi inavyopotea kidogo kidogo, tembea katikati ya jiji saa saba mchana. Wapo waliopanga foleni kwenye maduka ya chipsi, nao hutoka na karatasi iliyolowa mafuta na chupa ya soda. Wapo walioketi katika Bustani ya Jeevanjee wakisikiliza wahubiri, na si wote waliofuata mahubiri, kwani wengine mfukoni wamebakiwa na nauli ya matatu ya jioni pekee. Hao huambiana kwa mzaha kwamba wamekula upepo. Kisha kuna kundi la tatu, la wale wanaobaki ofisini, wakanywa chai ya maziwa kwa mandazi mawili na kuita hicho chakula cha mchana.

Makundi haya matatu huishia mahali pamoja. Ifikapo saa tisa macho yamekuwa mazito, kichwa kinagonga na kazi haiendi. Jioni mtu hufika nyumbani na njaa ya kutwa nzima, akala sahani ya ugali ambayo ingetosha watu wawili, kisha akalala. Mwenendo huo ukiendelea miaka kumi, mwili hudai deni lake. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. Chakula si sababu pekee ya ugonjwa huo, lakini ni sababu ambayo mtu anaweza kuishika kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya dawa ya tatizo hili tunayo na tunaidharau. Dawa hiyo ni maharagwe. Nasema maharagwe yote, yawe ya nyayo, mwitemania, rosecoco au yale ya mkebe yaliyopangwa kwenye rafu za maduka makubwa. Haya ya mwisho ndiyo nitakayoyatetea zaidi leo, kwa kuwa yanadharauliwa na pande mbili. Mwenye kipato kidogo huyaona ni anasa ya matajiri, na yule anayejali afya huyaona ni takataka za kiwandani. Wote wawili wamesema nusu ya ukweli tu.

Aibu isiyo na msingi

Tuanze na aibu. Wakenya wengi waliosoma shule za bweni walikula maharagwe siku nenda siku rudi, yakiwa majimaji, hayana kitunguu wala nyanya, na pengine yana wadudu. Mtu alipomaliza shule aliapa kutoyaona tena. Alipopata mshahara wa kwanza, nyama ikawa cheti cha kuonyesha kwamba amefaulu maishani. Hadi leo kuna nyumba ambamo mgeni akiandaliwa maharagwe, mwenye nyumba huomba radhi.

Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 8, 2017, mpiga kura mmoja alipigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki huku akiwa kwenye foleni. Nchi nzima ilicheka. Lakini tukifikiri vizuri, huenda yeye ndiye aliyekuwa na busara kuliko wote kwenye foleni ile. Alikuwa na chakula kamili mkononi, na waliomcheka huenda walikuwa na njaa.

Nimesema chakula kamili kwa sababu. Protini hujengwa kwa sehemu ndogo ndogo ziitwazo asidi amino. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, iitwayo laisini, na maharagwe yana wingi wake. Maharagwe nayo yana upungufu wa nyingine, iitwayo methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikichanganywa, kimoja huziba pengo la kingine. Ndivyo ilivyo pia kwa maharagwe na wali, au maharagwe na chapati. Bibi zetu hawakuzijua asidi amino kwa majina, lakini waliijua sufuria ya githeri.

Katika gramu 100 za maharagwe mekundu yaliyoiva mna protini karibu gramu 9, nyuzinyuzi karibu gramu 6, na mafuta hayafiki gramu 1. Nyama haina nyuzinyuzi hata kidogo. Nyuzinyuzi hizo ndizo zinazofanya wanga wa maharagwe uingie katika damu polepole, hivi kwamba sukari haipandi ghafla na kushuka ghafla kama inavyofanya baada ya soda na mandazi. Pia husaidia kupunguza lehemu mbaya katika damu na kumwezesha mtu kwenda choo bila taabu. Maharagwe yana foleti, ambayo ni muhimu sana kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba. Yana madini ya chuma pia, na ndiyo sababu shirika la utafiti wa kilimo la KALRO limewaletea wakulima aina kama Nyota, yenye chuma na zinki kwa wingi.

Mnamo mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambapo mtoto wa shule ya umma hulipa shilingi 5 na kupata chakula cha mchana. Jamii ya maharagwe na ndengu ni sehemu ya chakula hicho. Jambo la kushangaza ni kwamba mtoto anaweza kuwa anakula maharagwe mezani shuleni huku mzazi wake, aliye mjini kutafuta riziki, anakula chipsi au anakula upepo.

Hesabu ya mkebe

Msomaji anayejua bei ataniuliza mara moja: kwa nini ninunue mkebe wakati maharagwe makavu yako Marikiti na Gikomba? Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwa hesabu. Mkebe wa kawaida wa gramu 400, ukimwaga maji yake, hubaki na maharagwe ya gramu 240 hivi. Kilo moja ya maharagwe makavu, ikishaiva, huwa karibu kilo mbili na nusu. Kwa hivyo kilo moja ya makavu ni sawa na mikebe kumi hivi. Chukua bei ya mkebe mmoja katika duka lako, uizidishe kwa kumi, kisha uilinganishe na bei ya kilo moja sokoni. Hutahitaji mtaalamu wa uchumi kukueleza tofauti.

Kwa hivyo nyumba yenye watu watano na jiko ichemshe maharagwe makavu. Hilo halina mjadala. Lakini hesabu hiyo imesahau mambo mawili, nayo ni moto na muda. Maharagwe makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili au zaidi. Kwa mtu anayeishi peke yake katika chumba kimoja cha Umoja au Pipeline, akitumia mtungi wa gesi wa kilo 6, hizo ni saa mbili za pesa zinazowaka. Anaondoka kabla ya mapambazuko na kurudi usiku. Anapotazama sufuria na saa ya ukutani, uamuzi wake ni mmoja, kwamba kesho atanunua chipsi. Mkebe haushindani na kilo ya maharagwe makavu katika nyumba hiyo, kwa maana mtu huyo hayapiki hata hivyo. Mkebe unashindana na chipsi na soda. Katika mashindano hayo, hasa wenzako wawili wakichanga pesa na kugawana mkebe mmoja, maharagwe yana nafasi nzuri ya kushinda kwa bei na kwa afya.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitaji. Chakula kilichopikwa usiku na kubebwa kwenye begi hadi saa saba mchana, bila friji, kinaweza kuharibika. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje kwa zaidi ya saa mbili hivi. Mkebe ambao haujafunguliwa hukaa ndani ya droo ya meza miezi mingi bila kudai umeme. Ni akiba ya siku ile ambayo hukupata nafasi ya kupika au mfuko umetoboka.

Ipo njia ya tatu pia, nayo ni ya Kikenya hasa. Katika mitaa mingi wapo akina mama wanaochemsha maharagwe na githeri kwa sufuria kubwa na kuuza kwa kikombe. Wameshalipia moto na muda kwa niaba yetu. Nenda kwao na chombo chako chenye kifuniko, na umwulize muuzaji kwa heshima: "Mama, haya yametiwa magadi?" Magadi huharakisha maharagwe kuiva, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha shinikizo la damu. Ukiyachukua jioni, yachemshe tena vizuri nyumbani kabla ya kuyaunga.

Adui aliye ndani ya mkebe

Sasa nije kwa wale wanaoita mkebe takataka. Wana hoja, nayo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Tuseme mkebe umeandikwa kuwa una miligramu 300 za sodiamu kwa kila gramu 100. Ukila maharagwe yote ya gramu 240, umekula miligramu 720 za sodiamu. Zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi, na jibu ni gramu 1.8. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya chumvi ya siku nzima, na bado hujagusa mkate wala sukumawiki ya jioni.

Lakini adui huyu anapigika kwa maji ya bomba. Fungua mkebe, mwaga maji yake yote, kisha yaoshe maharagwe kwenye chujio kwa maji safi yanayotiririka. Kufanya hivyo huondoa hadi karibu asilimia 40 ya sodiamu. Vilevile huondoa sehemu ya ile sukari ya maharagwe inayojaza watu gesi tumboni. Ukipata mkebe ulioandikwa kuwa una miligramu 120 au chini ya hapo kwa gramu 100, huo una chumvi kidogo, na ndio unaofaa.

Tahadhari nyingine ni kwamba maharagwe ya mkebe yaliyo ndani ya mchuzi mtamu wa nyanya si kitu kimoja na haya ninayoyasifu. Mchuzi ule umetiwa sukari na chumvi, na hauwezi kuoshwa bila kuharibu chakula chenyewe. Soma maandishi ya mkebe. Unaofaa zaidi ni ule uliotaja maharagwe, maji na labda chumvi, basi.

Milo miwili isiyo na nyama

Wanaosema maharagwe hayana ladha wanasema kweli kuhusu maharagwe waliyopikiwa shuleni. Maharagwe ni kama mgeni mpole, husema yale anayoambiwa. Ukimpa kitunguu, tangawizi na ndimu, atazungumza hadi usahau nyama.

Mlo wa kwanza ni kachumbari ya maharagwe, nao hauhitaji moto kabisa. Chukua mkebe mmoja uliomwagwa maji na kuoshwa. Katakata kitunguu kimoja chekundu na nyanya mbili, tia nusu ya parachichi iliyokatwa vipande, dhania iliyokatwa vizuri, pilipili ukipenda, na ukamulie ndimu moja nzima. Changanya yote, uache kwa dakika kumi ili ndimu iingie. Usitie chumvi kabla ya kuonja, kwa sababu mara nyingi haitahitajika. Hicho kinawatosha watu wawili, kila mmoja akila na chapati moja au viazi vitamu viwili. Mboga unaweza kuzinunua asubuhi kwa mama mboga na kuzikata ofisini wakati huo huo wa kula.

Mlo wa pili ni maharagwe ya nazi, kwa wenye jiko kazini au wanaopika nyumbani wikendi. Watu wa Pwani wamekula mbaazi za nazi kwa mahamri tangu zamani, na ujuzi huo unafaa maharagwe pia. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta hadi kiwe laini. Tia kitunguu saumu, tangawizi na nusu kijiko kidogo cha bizari. Ongeza nyanya mbili, uache zivunjike kabisa. Hapa wengi huharakisha, na ndipo ladha inapopotea. Tia maharagwe, uyaponde machache kwa mgongo wa kijiko ili mchuzi uwe mzito, kisha nusu kikombe cha tui. Acha yachemke polepole dakika kumi. Ukiepua, tia ndimu na dhania. Epuka unga wa mchuzi wa pakiti, kwa sababu kwa kawaida una chumvi nyingi, na utarudisha ile uliyoiosha.

Nyanya na ndimu haziko hapo kwa ladha tu. Madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe hayafyonzwi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama, lakini vitamini C huyasaidia. Kwa upande mwingine, chai huyazuia. Mkenya hapendi kuambiwa aache chai, nami sithubutu. Naomba tu aisubirishe kwa saa moja baada ya kula.

Ya kuangalia

Kwanza, usinunue wala kula chakula cha mkebe uliofura, unaovuja au uliobonyea vibaya kwenye maungio. Mkebe uliofura unaweza kuwa na sumu ya vijidudu inayoua. Pili, maharagwe yakibaki yahamishie kwenye chombo kingine chenye kifuniko, uyaweke ndani ya friji na kuyala katika siku tatu.

Tatu, wanaochemsha maharagwe makavu, hasa mekundu, wajue kwamba yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano tu ambazo hazijaiva zinaweza kumtapisha mtu na kumharisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 10 kwa uchache, na dakika 30 ni salama zaidi, kabla ya kupunguza moto au kuyatia kwenye kile kikapu cha kuivishia bila moto. Yale ya mkebe yameshaiva kiwandani na hayana hatari hiyo.

Nne, anayeanza kula maharagwe baada ya miaka mingi aanze na kiasi kidogo, tumbo lizoee. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, maana maharagwe yana potasiamu nyingi.

Wajibu wa waajiri na viwanda

Ni rahisi kumlaumu mfanyakazi peke yake. Lakini kuna ofisi nyingi zinazotumia pesa kila mwezi kwa majani ya chai, sukari na mandazi, na hazina mahali pa kuoshea sahani wala pa kupashia chakula moto. Sinki, chujio, kifungua mkebe na jiko dogo la umeme si gharama ya kumfilisi mwajiri. Mwajiri anayelalamika kwamba watu wake husinzia alasiri aanzie hapo kabla ya kuandika barua za onyo.

Viwanda navyo vina deni. Maharagwe hayahitaji chumvi yote ile ili yasioze, kwa kuwa kinachoyahifadhi ni joto kali na mkebe uliofungwa kabisa usipite hewa. Chumvi imetiwa kwa ajili ya ulimi. Tungependa kuona rafuni mikebe mingi zaidi isiyo na chumvi, ya maharagwe yaliyolimwa na wakulima wetu, kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo anaweza kuifikia. Lakini viwanda husikiliza wanunuzi. Tukiendelea kuchukua mkebe wowote bila kusoma maandishi yake, hakuna atakayebadilika.

Simwambii mtu aache nyama kabisa, wala aapishwe kula maharagwe siku saba kwa wiki. Ninachopendekeza ni siku mbili. Jumanne na Alhamisi, kwa mfano, tafuta mwenzako kazini mchange mkebe mmoja, nyanya, kitunguu na ndimu. Fanyeni hivyo mwezi mmoja, mkitazama mambo mawili tu: pesa zilizobaki mfukoni na jinsi mnavyojisikia ifikapo saa tisa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba wao walikitumia kupimia nafaka na kunde kama hizi hizi.